Gari la michezo lililobadilishwa: uliuze lilivyo au ulivue kwanza?

Kuna sentensi ambayo haikosekani kwenye matangazo ya magari yaliyofanyiwa marekebisho: "Vifaa peke yake vimenigharimu zaidi ya bei ninayoomba." Muuzaji huiandika akiamini ndiyo itakayomvuta mteja. Chini yake anashusha orodha: tabo kubwa (ile inayosukumia injini hewa), intakula ya mbele (kipoza hewa ya tabo), koilova (shokapu za kupandisha na kushusha kimo cha gari), rimu za alumini ya kufuliwa, ekzosi ya chuma kisichoshika kutu, kompyuta ya injini iliyotuniwa upya, yaani iliyopangwa upya ili itoe nguvu zaidi. Kila mstari ni mshahara wa mwezi fulani, usiku fulani gereji, furaha fulani ya kuliwasha gari mara ya kwanza baada ya kufunga.

Mnunuzi anaisoma orodha hiyo hiyo kwa jicho jingine. Tabo ilifungwa na nani? Aliyelipia nguvu zote hizi aliziweka za nini kama si kulikanyaga gari? Kompyuta ikigoma, nitampata wapi fundi anayeijua? Muuzaji anaona fahari, mnunuzi anaona maswali, na kila swali lisilo na jibu linakatwa kwenye bei.

Ndipo linapokuja wazo la kuvua: toa vikorombwezo vyote, rudisha vipuri vya kiwandani, uza gari peke yake na vifaa peke yake. Wengine wanaapa kuwa ndiyo njia pekee ya kurudisha pesa. Wengine wanasema ni kupoteza miezi kwa faida ya chai. Wote wawili wana haki, kwa sababu wanajibu swali moja kuhusu magari tofauti. Gari lililobadilishwa ni bidhaa mbili zilizofungwa pamoja kwa bolti: gari lenyewe na mkusanyiko wa vifaa. Kila bidhaa ina wateja wake, na wateja hao mara nyingi hawajuani. Anayetafuta rimu zako tayari ana gari. Anayetafuta gari lako huenda rimu hizo haziwezi kumpendeza hata umwekee bure.

Kwa hiyo uamuzi unafanywa kifaa kwa kifaa.

Pesa inapotelea wapi

Hasara ya kwanza ni ufundi. Ulilipa fundi kufunga, kupima, kutuni, kurudia. Malipo hayo hayatoki kwenye gari kwa spana ya aina yoyote. Ya pili ni kwamba kifaa kikishafungwa kimekuwa cha mtumba, hata kama kimetembea wiki mbili. Ya tatu ni ladha. Uliichagua ekzosi hiyo kwa sauti yake, na jirani yako anaichukia kwa sauti hiyo hiyo.

Halafu kuna wasiokuwepo kwenye mazungumzo lakini wana neno: benki na bima. Mnunuzi anayekopa atakuta mkopeshaji anakadiria gari kwa aina, mwaka na kilomita, bila kujali tabo yako. Kampuni ya bima nayo ikitajiwa marekebisho inaweza kupandisha ada au kukataa kabisa. Hivyo sehemu ya wateja inachujwa kabla hata hawajapiga simu, na waliobaki wanajua kuwa wamebaki wachache.

Juu ya yote hayo kuna kutojua. Mwanauchumi George Akerlof alilieleza jambo hili mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika: muuzaji anajua hali halisi ya gari, mnunuzi hajui, basi mnunuzi anajilinda kwa kutoa bei ya gari baya. Mwenye gari zuri anaumia kwa sababu hana namna ya kuthibitisha kuwa lake ni zuri. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili. Kwenye gari lililobadilishwa pengo hilo la ujuzi huwa pana zaidi, maana hata vipimo vya kiwandani havisaidii tena. Msukumo wa tabo si ule wa kwenye kitabu, joto la oili si lile la kwenye kitabu, na kitabu chenyewe hakina habari na kile kilichofungwa.

Hebu tupige hesabu, bila sarafu yoyote, tukitafuta uwiano tu. Namba hizi ni za mfano. Tuseme gari kama lako, ambalo halijaguswa, linauzwa 100. Uliweka vifaa vya 45 na ufundi wa 15, jumla 60. Ukiliuza lilivyo, 160 usahau. Akitokea mpenzi wa mtindo wako atatoa 110. Asipotokea, utasikia 90. Tuchukue katikati, 100.

Sasa livue. Ufundi wa 15 umekwenda. Katika vifaa vya 45, tuseme vya 15 vimo ndani ya injini na giaboksi, havitoki. Vilivyobaki ni vya 30, na kwa kuwa vimetumika unapata nusu, yaani 15. Gari lililorudishwa linauzwa 97 badala ya 100, kwa sababu historia haifutiki. Jumla 112. Umepata faida ya 12 juu ya kuliuza zima.

Lakini subiri. Nani amefungua? Kama ni fundi wa kulipwa, toa 5. Na vipuri vya asili viko wapi? Kama uliviuza au viliozea nje, unavinunua upya kwa 6. Faida ya 12 imebaki 1, na hiyo 1 umeifanyia kazi miezi mitatu ukijibu ujumbe wa "bei ya mwisho ngapi?"

Ukizichezea namba hizo utaona vitu viwili vinavyopindua matokeo kuliko vingine vyote: mikono yako mwenyewe, na boksi la vipuri vya asili. Mwenye vyote viwili, kuvua kunamlipa karibu kila mara. Asiye na hata kimoja aliuze gari lilivyo, akalale.

Boksi la vipuri vya asili

Boksi hilo linastahili kuelezwa zaidi, kwa sababu wengi hulidharau. Unapofunga shokapu mpya, zile za zamani zinaonekana takataka. Miaka kumi baadaye zinaweza kuwa ndiyo kitu adimu kuliko vyote ulivyonavyo.

Chukua magari ya Japani ya miaka ya 1990. Kuanzia 1989 watengenezaji wa nchi hiyo walikuwa na makubaliano ya kiungwana kwamba gari la soko la nyumbani halitatangazwa kuwa na nguvu zaidi ya farasi 280. Makubaliano yalidumu hadi 2004. Kwenye karatasi, basi, Nissan Skyline GT-R ya 1989 yenye injini ya RB26DETT ya lita 2.6 na tabo mbili ilikuwa na 280, na Toyota Supra ya 1993 yenye 2JZ-GTE ya lita 3.0 ilikuwa na 280. Wahandisi lakini walikuwa wametengeneza bloku za chuma cha kalibu zenye uwezo wa kubeba nguvu kubwa mno kuliko hiyo. Kila mwenye gari alijua kuna nguvu imelala mle ndani inasubiri kuamshwa, na wengi wakaiamsha.

Matokeo yake ni ya kinyume kabisa na walivyofikiri wakati ule. Gari linaloshawishi watu kulibadilisha ndilo ambalo hubaki machache katika hali ya kiwandani, na uchache huo ndio unaolipwa. Mazda RX-7 ya kizazi cha mwisho inaonyesha vizuri. Injini yake ya rotari, isiyo na pistoni za kupanda na kushuka, ina tabo mbili zinazofanya kazi kwa zamu: ya kwanza inasukuma mizunguko ikiwa chini, ya pili inajiunga mizunguko inapopanda. Kuziongoza kunahitaji msitu wa mipira ya vakyumu, na mpira mmoja ukipasuka gari linapoteza nguvu bila kusema kwa nini. Wamiliki wengi waling'oa mfumo wote wakaweka tabo moja kubwa. Ilikuwa busara ya kifundi. Leo anayetaka kulirudisha gari lake kwenye asili anasaka mfumo huo kamili kama anayesaka kito kilichoanguka kisimani.

Sheria nayo ilisukuma bei. Marekani inaruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingia bila kutimiza viwango vyake vya usalama, msamaha unaotokana na sheria ya 1988. GT-R za 1989, za kizazi cha R32, zilifikia umri huo 2014, na zile za kizazi cha R34 zilizoanza kutengenezwa 1999 zikafikia 2024. Wanunuzi wapya wakaja na pesa, na wengi wao hawakutaka ubunifu wa mtu mwingine. Walitaka gari walilolitamani utotoni, likiwa na usukani wake, rimu zake na stika zake. Nissan ilianza tena kutoa baadhi ya vipuri vya GT-R R32 mwishoni mwa 2017, na Toyota ikatangaza mpango kama huo kwa Supra mwaka 2019. Kampuni haifungui mtambo kwa huruma. Soko la vipuri vya asili lipo kweli.

Kwa magari ya namna hii, hata usipokusudia kuuza, tunza kila ulichokitoa. Andika kwenye boksi kimetoka upande gani. Bolti zake zitie kwenye mfuko mmoja nacho. Usukani wenye eabegi, taa, kichujio cha hewa na boksi lake, viti, hata kifundo cha gia. Gari ambalo haliko kwenye kundi hilo, lile linalotengenezwa kwa maelfu kila mwaka, vipuri vyake vya asili vina thamani ndogo, ila bado vina kazi: bila hivyo huwezi kuvua.

Kinachotoka na kisichotoka

Rimu ni rahisi kuliko vyote. Zinatoka kwa dakika thelathini, haziachi kovu, na zina wateja wa magari mengi tofauti mradi idadi ya bolti na nafasi kati yake zilingane. Rimu nzuri za kufuliwa hushika thamani kwa miaka. TE37 ya kampuni ya Rays, kwa mfano, ipo sokoni tangu 1996 na bado inatafutwa. Tatizo ni kwamba rimu za kufuliwa zinaghushiwa sana, kwa hiyo mnunuzi atataka kuona alama za ndani, namba, na risiti kama ipo. Usikasirike akiuliza.

Viti vya mashindano na usukani vinafuata. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hulisahau: kiti chenye kibali cha FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kina tarehe. Kiti cha kiwango cha 8855-1999 kinahesabiwa miaka mitano tangu kutengenezwa, na mikanda ya mashindano nayo ina mwisho wake ulioshonwa kwenye lebo. Tarehe ikipita, mwanamashindano hawezi kukitumia kwenye mbio rasmi, na bei inashuka hata kama kitambaa kinang'aa. Mikanda iliyowahi kumshika mtu kwenye ajali usiiuze kabisa.

Koilova zinatoka, lakini zinadai. Ukishazitoa, gari linahitaji alaimenti upya, na mara nyingi ndipo unagundua kuwa bushi za zamani na raba za juu za shokapu zimekwisha. Pia koilova zilizochakaa, zinazovuja oili, hazina bei ya maana. Zingine zinaweza kurudishwa kwa mtengenezaji zikafumuliwa na kujengwa upya, na hizo ndizo zinazostahili usumbufu.

Breki kubwa ndizo hupenda kuwafunga watu mtego. Mtu anauza rimu zake za inchi 18 kwa bei nzuri, anachukua zile za asili za inchi 16, anajaribu kuzivalisha, hazipiti: kalipa, ile inayobana diski ya breki, inagusa rimu. Sasa gari limekaa juu ya stendi, rimu zimekwisha kuuzwa, na breki lazima zitoke leo hii kwa bei yoyote. Kabla hujauza kitu kimoja, uliza kinashikana na nini. Breki zinashikana na rimu. Kimo cha gari kinashikana na upana wa tairi. Kiti kinashikana na mkanda, na mkanda na kizimba cha vyuma kinachomlinda dereva gari likipinduka.

Kushikana huku kunakuwa kukali zaidi kwenye injini. Gari lililoongezewa nguvu vizuri halina "kifaa cha nguvu" kimoja unachoweza kukichomoa. Tabo kubwa inaleta hewa zaidi, hewa zaidi inataka mafuta zaidi, basi kuna nozeli kubwa za kunyunyizia mafuta na pampu kubwa, na kompyuta imefundishwa kuhusu hizo nozeli. Ukirudisha kompyuta ya asili ukaacha nozeli kubwa, itazifungua kwa muda ule ule iliozoea, mafuta yatamwagika mara mbili, plagi zitalowa, na petroli itaosha oili kwenye kuta za silinda. Ukifanya kinyume chake, ukarudisha nozeli ndogo ukaacha tuni ya nguvu, injini itakosa mafuta chini ya mzigo na pistoni inaweza kuyeyuka. Mfumo huu unatoka wote au unabaki wote. Sikubaliani na wanaouza "tabo tu" halafu wanamwambia mnunuzi wa gari kwamba injini "inahitaji tuni kidogo". Hilo ni gari bovu lililopewa jina zuri.

Vilivyo ndani ya injini na giaboksi, viache. Klachi ya mashindano, flaiwili nyepesi, difu ya kugawa nguvu, pistoni za kufuliwa: gharama ya kuvifikia inameza bei yake. Klachi hasa inachekesha. Kuitoa unashusha giaboksi nzima, na ukimaliza una klachi ya mtumba ambayo hakuna anayeiamini. Difu inaweza kuwa tofauti kama ni ya aina inayotafutwa na unajua kuishusha mwenyewe.

Na kuna ambavyo havirudi nyuma. Madigadi yaliyokatwa ili kuingiza tairi pana. Kizimba kilichochomelewa. Dashibodi iliyotobolewa kwa mita tatu za ziada. Injini ya gari jingine iliyolazimishwa kuingia. Hapa swali la kuvua limeshajibiwa siku msumeno ulipogusa bati.

Pale ambapo kuvua ni kosa

Gari la mbio za uwanjani lililokamilika, lenye kizimba, tangi la usalama na kizima moto cha kujengewa, livue tu kama unataka kuliua. Anayelitaka analitaka kwa sababu ya kazi hiyo. Akianza mwenyewe kutoka gari la kawaida atatumia zaidi na atasubiri mwaka mzima. Soko lake ni dogo, ila mnunuzi wake anajua anachokiangalia, na orodha ya vifaa kwake ni orodha kweli.

Vivyo hivyo gari lililojengwa na mikono inayojulikana. RUF ya Ujerumani ilianza kwa kubadilisha magari ya Porsche, na tangu 1981 inatambuliwa nchini mwake kuwa mtengenezaji kamili. Hakuna mwenye akili atakayetoa vifaa vya RUF ili gari lifanane na Porsche ya kawaida. Chini ya ngazi hiyo kuna gereji zenye jina ambazo hutoa ripoti ya vipimo vya nguvu, picha za kila hatua na risiti. Karatasi hizo zinaziba lile pengo la kutojua, na gari lenye jalada nene linaweza kuuzwa zima kwa bei ambayo pacha wake asiye na karatasi hataigusa.

Halafu zipo hadithi zinazowapotosha watu. Mwaka 2021 Supra ya 1994 ya rangi ya machungwa, iliyobadilishwa na kutumika kwenye sinema, iliuzwa dola 550,000 kwenye mnada wa Barrett-Jackson huko Las Vegas. Tangu hapo kila mwenye Supra yenye bawa kubwa ana ndoto. Bei ile ililipwa kwa sababu ya nani alilikalia na lilionekana wapi. Bawa peke yake halina bei hiyo.

Njia ya katikati

Kwa magari mengi ya barabarani, njia ninayoipenda ni kuvua nusu. Toa vile vitu vichache vinavyouzika haraka na visivyoshikana na kingine, kama rimu, viti na usukani, kisha rudisha vya asili. Acha mfumo wa injini kama ulivyo ikiwa unafanya kazi vizuri na umetuniwa kwa kiasi. Gari linaonekana tulivu, mnunuzi wa kawaida haogopi mlango unapofunguliwa, na anayependa nguvu anaambiwa kilichomo.

Au liuze lilivyo na boksi la vipuri vya asili kwenye buti. Ni ajabu jinsi boksi hilo linavyotuliza mtu. Mnunuzi huenda asilifungue kamwe, lakini anajua akichoka anaweza kurudi nyuma, na anajua gari lilikuwa na mtu anayetunza vitu. Wengine hutangaza bei mbili: hii na rimu na koilova, hii bila. Inafaa, mradi utaje mapema na utoe muda wa kubadilisha. Usioneshe gari likiwa na rimu nzuri, ukapokea malipo ya awali, halafu likakabidhiwa na nyingine. Kilichoonekana siku ya makubaliano ndicho kinachouzwa, isipokuwa imeandikwa vinginevyo.

Kuvua hakufuti historia

Kuna wanaovua kwa nia nyingine: kuficha. Gari limechapwa miaka mitano kwa nguvu mara mbili ya za kiwandani, sasa limevalishwa nguo za asili na kutangazwa "halijawahi kuguswa". Huo ni uongo, na katika nchi nyingi ni uongo wenye madai mahakamani. Isitoshe, gari linasema lenyewe. Bolti zina alama za spana. Nyaya zina viungo vilivyofungwa utepe. Kuna mabano yasiyobeba kitu. Baadhi ya kompyuta huhesabu mara zilizoandikwa upya, na kwa magari ya Volkswagen na Audi, gereji za kampuni zinaweza kuliwekea gari alama ya TD1 kwenye kumbukumbu zake pale zinapogundua tuni isiyo ya kiwandani. Sema tu: lilikuwa na hiki na kile, vimetolewa tarehe fulani, vipimo vya kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ni hivi. Mnunuzi makini hukasirishwa zaidi na kufichwa kuliko na tabo.

Sheria za moshi zinagusa pande zote mbili. Ikiwa sega la ekzosi, lile linalosafisha moshi, lilitolewa, lirudishe kabla ya kuuza. Uingereza, kwa mfano, gari lililotoka kiwandani na sega likikutwa halina, linaanguka ukaguzi wa kila mwaka. Marekani sheria ya hewa safi inakataza kuondoa vifaa hivyo na pia kuuza vipuri vya kuviondolea, kwa hiyo bomba lililokuwa mahali pa sega nalo lisiingie kwenye tangazo lako la vipuri. Ujerumani kifaa cha gari kinatembea na kibali chake cha karatasi. Koilova au rimu bila karatasi hiyo ni shida kuzisajili, na bei yake inajua hivyo. California hutoa namba ya kibali kwa vifaa vya injini vilivyopita vipimo vyake. Stika yenye namba hiyo usiibandue ukidhani ni uchafu.

Bima nayo uiarifu pindi unapovua. Bima ya gari lenye farasi 400 si ya gari lenye farasi 250, na unaweza kuwa unalipia nguvu ambazo ziko kwenye boksi stoo.

Kama umeamua kuvua, anza na gari linalotembea na umalize na gari linalotembea. Panga wikendi mbili mfululizo, vipuri vyote vya asili vikiwa mkononi na gasketi mpya zimeshanunuliwa, kabla ya kulegeza bolti ya kwanza. Picha za vifaa piga vikiwa bado vimefungwa na injini inanguruma, maana mnunuzi wa tabo anataka kuiona ikifanya kazi. Ukimaliza kurudisha, endesha gari siku kadhaa: taa za onyo zitawaka kama zinataka kuwaka, uvujaji utajionyesha sakafuni, usukani utavuta kushoto mpaka ulipeleke alaimenti. Hapo ndipo utangaze. Gari lililokwama nusu, injini wazi, rimu zimeuzwa, vipuri vya asili "vinakuja", ndilo linalopata bei mbaya kuliko yote, kwa sababu anayekuja kulitazama ameshaona kuwa huna pa kwenda.

Na kama limekwenda zima, kabla ya kukabidhi ufunguo mtafute aliyelituni. Kompyuta nyingi za kubadilishwa hufungwa kwa neno la siri, na bila neno hilo fundi wa mmiliki mpya hawezi hata kusoma kilichoandikwa ndani. Liandike kwenye karatasi pamoja na faili la tuni, aina ya mafuta ambayo gari lilituniwa nayo, na kiwango cha msukumo wa tabo, uviweke ndani ya jalada la risiti.